Thenashara Taifa maana yake nini?

Mnairobi aliyewahi kushuka Mombasa hata mara moja anayajua majina haya: Changamwe, Jomvu, Mtwapa, Kilindini. Anayajua kwa steji za matatu, kwa bandari, kwa hoteli za wikendi. Mwenyeji wa Mvita, jina la kale la Mombasa, akiyataja huenda anataja watu: Wachangamwe, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilindini. Hizo ni nne katika taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, na jina la muungano wao ndilo Thenashara Taifa.

Thenashara ni kumi na mbili kwa hesabu iliyotoka Kiarabu. Wazee wa pwani husema saa thenashara. Neno linalotupoteza sisi wa bara ni taifa. Kwetu taifa ni Kenya, lina bendera na wimbo. Kwa matumizi haya ya Mvita, taifa ni watu wanaojitambua kwa mji wa asili yao, hata kama mji wenyewe umekwisha kuwa magofu na wao wameishi kisiwani Mombasa vizazi na vizazi.

Muungano una pande mbili. Thelatha Taifa, yaani taifa tatu, ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Yasome majina hayo polepole, maana yamebeba historia ya pwani. Pate na Faza ziko kisiwa kimoja, huko Lamu. Wamtwapa na Wakilifi walitoka miji ya kaskazini mwa Mombasa iliyohamwa katika karne ya 17, wakati mashambulizi ya Waoromo, ambao watu wa pwani waliwaita Wagala, yalipoifanya bara isikalike. Magofu ya Mnarani pale Kilifi ni mabaki ya mji mmojawapo. Watu walikimbilia kisiwani kwa sababu kisiwa kina maji pande zote, na kuanzia miaka ya 1590 kikawa na ngome ya Wareno, Fort Jesus.

Lakini hofu peke yake haijengi mji wa watu wa kila namna. Kilichoujenga ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, ikaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Upepo ukigeuka kuwa kusi, ndio ulioyarudisha kwao. Nahodha aliyefika hakuweza kuondoka siku aipendayo. Alikaa miezi, akahitaji nyumba, mdhamini, wa kumwuzia bidhaa, pengine na mke. Hapo ndipo mwenyeji alipokuwa na kazi. Na mwenyeji naye alikuwa na watu wake bara: Wajomvu walikuwa na mafungamano na Warabai, Wakilindini na Wadigo. Pembe za ndovu na nafaka zilifika baharini kupitia urafiki huo, na vita vikija, marafiki hao waliitwa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha dhana yenyewe: taifa lilikuwa mlango, upande mmoja bahari, upande wa pili bara.

Pande mbili hazikupatana daima. Ugomvi wao na watawala wa Kimazrui, ukoo wenye asili ya Omani uliotawala Mombasa, ulimfungulia njia Sayyid Said wa Omani na Unguja, akautwaa mji mwaka 1837. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, yalitungwa katika mivutano ya zama hizo.

Si kila mkaazi wa zamani wa Mombasa ni wa Thenashara Taifa. Wabaluchi walioletwa kuwa askari, Washihiri wa Hadhramaut huko Yemen, Mabohora na Mabaniani wenye asili ya Bara Hindi wana mitaa, misikiti na mahekalu yao, na ni watu wa mji vilevile, ila hawamo katika hesabu ya kumi na mbili.

Mkoloni alipokuja na mafungu yake, mambo yaliharibika. Mwarabu aliwekwa fungu moja, mtu wa Thenashara Taifa akasukumwa fungu jingine, ilhali walikuwa wakiswali msikiti mmoja na wameoana. Kodi na kura vilifuata fungu uliloandikwa, na malalamiko hayo yalidumu miaka mingi.

Hapa Nairobi nimesikia mara nyingi sana kwamba Waswahili hawana kabila, eti ni lugha tu. Huniumiza. Mji wetu huu ulianza na kambi ya reli mwaka 1899. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Mombasa mwaka 1331, akawasifu watu wake kwa dini na uaminifu. Mswahili wa Mvita akiulizwa asili yake anaweza kutaja taifa lake, na taifa hilo kwa kawaida lina jina la mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole.

Ukisafiri kwa treni ya SGR kutoka Nairobi, utashuka Miritini. Panda matatu ya kwenda mjini, kaa dirishani. Kabla hujavuka Makupa kuingia kisiwani utapita Jomvu, kisha Changamwe: la kwanza ni la Tisa Taifa, la pili ni la Thelatha Taifa.