Jino likiacha kuuma halijapona

Ujumbe huu umezunguka miaka mingi kwenye makundi ya WhatsApp ya Mwanza, kutoka Igoma hadi mwalo wa Kirumba: sukutua maji ya chumvi, bana karafuu kwenye jino lililotoboka, na maumivu yakikatika ujue "mdudu" amekufa na jino limepona.

Mdudu huyo hayupo. Kinachotoboa jino ni asidi inayotengenezwa na bakteria wanaokula sukari iliyobaki mdomoni, iwe ya soda au ya chai. Karafuu kweli hutia ganzi, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana nafuu wanaipata. Lakini tundu halijizibi lenyewe. Uozo ukifika kwenye kiini, jino huuma usiku kucha, kisha siku moja kimya. Mara nyingi kimya hicho maana yake mshipa wa fahamu umekufa. Maambukizi yanaendelea hadi mzizini, yanakula mfupa, usaha unajikusanya, na jino ambalo lingezibwa linaishia kung'olewa.

Kuhakikisha si kazi. Simama mbele ya kioo, mulika kwa tochi ya simu: tundu lipo palepale? Basi halijapona. Kipele cha usaha kwenye ufizi nacho si cha kungojea, na shavu likivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wengi wanaotuma ujumbe huu wana nia njema, shangazi yangu mmojawapo. Ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia, kwa upole tu, kwamba jino likaonwe na daktari wa meno lingali linazibika.