Kwa nini weusi wa shingo ya kijana mnene hautoki hata ukisuguliwa?

Pale Kondele au Nyalenda, mitaa ya Kisumu, mama anaweza kumsugua mwanawe shingo kwa dodoki hadi mtoto alie, akidhani anaondoa uchafu. Lakini kijana akiwa mnene kupita kiasi, na weusi huo umekaa kama mahameli shingoni na makwapani, mara nyingi kinachousababisha ni insulini.

Insulini hutengenezwa na kongosho, nayo ndiyo huingiza sukari ya damu kwenye seli. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, seli huwa sugu, haziitikii insulini vizuri. Kongosho hujibu kwa kuongeza insulini, na hiyo iliyozidi huchochea seli za ngozi kuongezeka upesi, ngozi ikawa nene na nyeusi. Balehe nayo huzidisha usugu huo, kwa sababu homoni ya ukuaji hupunguza makali ya insulini. Kongosho likielemewa, kisukari cha aina ya 2 huingia.

Kinachonipa matumaini ni misuli. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kuingoja insulini. Ndiyo maana kutembea kutoka Kondele hadi Kibuye badala ya kupanda boda, au kucheza mpira jioni, ni kinga ya kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

Huko Marekani, utafiti uliochapishwa 2002 uliwafuata watu wazima 3,234 waliokaribia kupata kisukari. Waliobadili mlo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliomeza metformini, dawa ya kisukari, kwa asilimia 31.

Hao walikuwa watu wazima wanaojinunulia chakula. Mtoto hula kinachopikwa, kwa hiyo nyumba nzima ibadilike pamoja naye. Soda ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, yaani vijiko 12 hivi vya chai. Maji yachukue nafasi yake mezani kwa wote, baba akiwemo. Omena na mboga za kienyeji kama osuga (mnavu) na dek (mgagani) vipo sokoni, na ugali upungue kidogo kwenye kila sahani. Kumtenga kijana na kisahani chake, huku wenzake wakila chipsi na kumcheka, ni kumuumiza bure.

Mpeleke kliniki akapimwe sukari. Uzito ukipungua, shingo nayo hutakata polepole, bila dodoki.