Mwanakosmolojia ni nani, na anasoma nini hadi kufika huko?

Mwanakosmolojia ni mwanafizikia anayechunguza ulimwengu wote kwa pamoja: ulianzaje, una umri gani, umeundwa na nini, unatanuka kwa kasi gani. Mtaalamu wa nyota anaweza kumaliza maisha yake akichunguza nyota za aina moja. Kwa mwanakosmolojia, galaksi nzima ni nukta tu kwenye ramani. Kazi hii ndiyo iliyotupatia umri wa ulimwengu, takribani miaka bilioni 13.8, na ndiyo iliyoonyesha kwamba maada tunayoifahamu, iliyounda nyota, bahari na miili yetu, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo. Kinachobaki ni maada ya giza na nishati ya giza, na asili yake bado haijulikani.

Hakuna bodi inayotoa leseni ya kosmolojia kama ilivyo kwa madaktari na mawakili. Kinachomtambulisha mtu ni shahada ya uzamivu, yaani PhD, pamoja na utafiti aliouchapisha. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari asihangaike kutafuta chuo cha kosmolojia. Ashike fizikia na hisabati, maana kosmolojia yenyewe huja mwishoni.

Tanzania, tahasusi inayofaa zaidi kidato cha tano ni PCM (fizikia, kemia na hisabati). PGM (fizikia, jiografia na hisabati) nayo inafaa, kwa kuwa fizikia na hisabati zote zimo. Anayechukua PCB (fizikia, kemia na biolojia) hukosa hisabati ya juu, na pengo hilo ni gumu kuliziba chuoni.

Shahada ya kwanza iwe ya fizikia, au ya hisabati yenye fizikia ya kutosha. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na astrofizikia, lakini fizikia ya kawaida haikufungii mlango wowote. Muhimu ni kuyamudu masomo ya msingi: mekanika, sumakuumeme, fizikia ya joto, fizikia ya kwanta, kalkulasi na aljebra ya matriki. Nadharia ya Einstein ya uhusianifu wa jumla, inayoeleza mvutano (graviti) kuwa ni kupinda kwa nafasi na wakati, mara nyingi husomwa mwaka wa mwisho au kwenye uzamili. Ndiyo msingi wa mlinganyo wa kutanuka kwa ulimwengu.

Linalopuuzwa mno ni takwimu na kuandika programu za kompyuta. Wengi humwona mwanakosmolojia akichungulia darubini usiku, kumbe siku zake nyingi hupita mbele ya kompyuta. Chukua mfano wa setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009. Ilipima mwanga mkongwe kuliko wote tunaoweza kuuona, ulioanza safari ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000. Ramani ya mwanga huo haisemi yenyewe umri wa ulimwengu. Watafiti hukokotoa nadharia maelfu ya mara, kila mara wakibadilisha kiasi cha maada au kasi ya kutanuka, kisha hulinganisha matokeo na ramani. Kwa njia hiyo kasi ya kutanuka ya leo inatoka karibu kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani umbali wa miaka ya nuru kama milioni 3.26. Wanaopima kwa nyota zinazolipuka kwenye galaksi nyingine hupata karibu 73. Ubishi huo haujaisha, na asiyejua kupima ukubwa wa kosa katika vipimo hawezi kuuingia. Lugha ya programu ya Python ni ya bure, na kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia.

Kwa uzamili, Mwafrika ana bahati ya kuwa na AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati iliyoanza Cape Town mwaka 2003 na ambayo sasa ina kituo Rwanda pia. Mwanzilishi wake, Neil Turok, mwenyewe ni mwanakosmolojia. Utotoni aliishi Tanzania, baada ya wazazi wake kuhama Afrika Kusini kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Afrika Kusini pia kuna MeerKAT, darubini ya redio yenye sahani 64, na vyuo vinavyofundisha watafiti wa kuitumia.

Uzamivu huchukua miaka mitatu au minne Ulaya, mitano au sita Marekani, ambako wengi huingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Wazazi wanaohofia ada wajue kwamba katika sayansi hii vyuo vingi humlipa mwanafunzi wa uzamivu posho ya kujikimu. Baadaye hufuata mikataba ya utafiti ya miaka miwili au mitatu, mara nyingi katika nchi tofauti, kabla ya kupata nafasi ya kudumu. Nafasi hizo ni chache kuliko wahitimu, ndiyo maana baadhi yao huhamia benki na kampuni za teknolojia, ambako ujuzi wao wa kuchambua data unatafutwa sana.

Anayeomba uzamivu huulizwa alama zake, barua za wahadhiri wanaomfahamu, na utafiti aliokwisha kuufanya. Hivyo mradi wa mwaka wa mwisho usichaguliwe kwa wepesi wake. Tafuta mhadhiri anayefanya kazi na data halisi, hata kama somo lake si anga.