Misuli pinzani ni nini?

Misuli pinzani ni misuli miwili, au makundi mawili ya misuli, inayokaa pande mbili za kiungo kimoja na kuuvuta mfupa kila mmoja upande wake. Mmoja ukikaza, mwenzake hulegea. Ndivyo goti linavyokunjwa na kunyooshwa, na taya linavyofunguka na kufumba.

Msuli huvuta tu, hausukumi. Kamba huweza kuvuta mashua hadi ufukweni, lakini huwezi kuirudisha majini kwa kamba ileile ukiwa umesimama palepale. Ndani ya msuli mna nyuzi za protini, aktini na mayosini, ambazo zikitelezeana msuli hufupika. Kujirefusha kwa nguvu zake wenyewe hauwezi. Ni lazima uvutwe, ama na uzito wa kiungo chenyewe ama na msuli wa upande wa pili.

Jaribu hapo ulipo. Weka kiganja cha kushoto chini ya meza, usukume kama unayetaka kuiinua. Kwa mkono wa kulia papasa sehemu iliyo kati ya bega na kiwiko: msuli wa mbele, baisepsi, umekuwa mgumu, wa nyuma, traisepsi, ni laini. Sasa hamishia kiganja juu ya meza na ukandamize. Ugumu umehamia nyuma.

Si kila mara mmoja hulala kabisa. Ukibeba kikombe cha chai kilichojaa pomoni, yote miwili hukaza kidogo ili kiungo kitulie. Mwanariadha anapokimbia kwa kasi, msuli wa mbele ya paja hunyoosha goti huku wa nyuma ukilizuia lisipitilize, yaani unakaza wakati uleule unaponyooshwa. Hapo ndipo wengi huchanika zile ambazo kurasa za michezo huziita nyama za paja.

Amri ya kulegea hutoka kwenye uti wa mgongo. Neva zinapoambia msuli mmoja ukaze, neva nyingine huzuia ule wa pili. Mpangilio huo aliueleza kwa kina Mwingereza Charles Sherrington, mshindi mwenza wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1932.

Uzito wa amri hiyo ndogo huonekana inapokosekana, na pepopunda ndiyo inayoonyesha wazi kuliko ugonjwa mwingine ninaoujua. Sumu ya bakteria wake huziba zile ishara za kuzuia, hivyo misuli ya pande zote mbili hukaza kwa pamoja na yenye nguvu zaidi hushinda. Misuli inayofumba taya ni imara kuliko inayolifungua, basi mdomo hujifunga. Misuli ya mgongo huizidi ya tumbo, na mgonjwa hupinda kama upinde kuelekea nyuma, kwa maumivu makali mno, akili yake ikiwa timamu. Mikazo hiyo huweza hata kuvunja mifupa.

Bakteria hao huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, wakaingia kupitia jeraha. Mtoto mchanga huwapata kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Mama aliyechanjwa humpitishia mwanawe kinga kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa, na ndiyo sababu chanjo hiyo hutolewa kliniki ya wajawazito.