Taarifa ya ndani si taarifa ya siri

Mawasiliano ya ndani wakati wa janga ni yale taasisi inayowaambia wafanyakazi wake: kimetokea nini na wafanye nini. Basi. "Ndani" inataja anayeambiwa, haisemi habari imefungiwa. Lakini ghala likiungua tu, bosi anaagiza ziandikwe taarifa mbili: ya waandishi, laini, na ya wafanyakazi, "yenye ukweli wenyewe". Hiyo ya pili huwa iko WhatsApp kabla ya ile ya kwanza kufika chumba cha habari.

United Airlines, shirika la ndege la Marekani, walionja hilo mwaka 2017. Tarehe 9 Aprili abiria aliburutwa nje ya ndege uwanjani O'Hare, Chicago, ili wafanyakazi wanne wa ndege wapate viti. Kesho yake mkurugenzi mkuu, Oscar Munoz, aliomba radhi hadharani kwa kulazimika kuwapangia abiria usafiri mwingine. Katika barua kwa wafanyakazi, siku hiyohiyo, alimwita abiria yule msumbufu na mgomvi. Barua ikavuja, zote mbili zikasomwa pamoja, na tarehe 11 ikabidi aombe radhi upya, sasa bila kumlaumu abiria.

Ukweli uwe mmoja kwa wote: nini, wapi, lini, hatua zinazochukuliwa, na saa mtakayozungumza tena. Idadi ya majeruhi isiyothibitishwa isiandikwe hata kwenye barua ya ndani. Mfanyakazi ataitaja, kesho ikibadilika mtaonekana mlificha. Majina ya waliofariki yasubiri familia zao zijulishwe.

Tofauti iko kwenye saa na nyongeza. Wafanyakazi wapate taarifa dakika kumi au kumi na tano kabla ya waandishi (pengo likiwa refu zaidi inavuja, likiwa fupi mno wanakuwa hawajaisoma), pamoja na yale wanayoyahitaji wao: zamu ya kesho ipo au haipo, mshahara, namba ya msaada, jina la msemaji. Wanaosahaulika ni mlinzi wa getini na mtu wa mapokezi. Mara nyingi hawana barua pepe ya kazini, na ndio wa kwanza kuulizwa na mwenye kamera. Msimamizi wa zamu awasomee, awape na jibu moja: "Anayezungumza ni fulani, namba yake hii."

Kwa hiyo pale juu ya barua panapoandikwa "Ya ndani, isisambazwe", ingefaa zaidi kuandika: "Mnaipata saa 4:00, vyombo vya habari vitapewa saa 4:15."