Usikh Bila Hesabu ya Thawabu: Dhana Potofu na Ukweli

Guru Nanak (1469–1539), mwalimu aliyeanzisha dini ya Usikh, alizaliwa Punjab kati ya watu walioswali na kusali sana. Walioga mito mitakatifu, walifunga, walihiji, walivaa uzi wa tabaka, walilisha makuhani ili marehemu wao wafaidike huko waliko. Hakuwalaumu kwa uvivu wa ibada. Aliwauliza ibada hiyo imewafanya watu wa namna gani nyumbani, sokoni na mbele ya mnyonge. Swali hilo linawahusu Masikh wa leo vilevile, maana mazoea ya kufanya biashara na Mungu hayakufa. Yamebadilisha mavazi tu. Baadhi ya dhana zilizomo humu ni za watu wa nje. Zilizo nzito zaidi ni za waumini wenyewe.

Dhana: Japji ikisomwa mara nyingi, dhambi hufutika

Goindwal, mji ulio kando ya Mto Beas, kuna kisima chenye ngazi 84 kilichojengwa wakati wa Guru Amar Das, Guru wa tatu kati ya kumi walioongoza Usikh. Wapo wanaosoma Japji, sala ya alfajiri iliyotungwa na Guru Nanak, nzima kwenye kila ngazi, mara 84, wakiamini kwamba wataokoka na mizunguko 8,400,000 ya kuzaliwa upya. Ni kazi ya saa nyingi, na anayeifanya hafanyi mzaha. Ila kisima hicho kinakumbukwa kwa sababu watu wa tabaka zote waliteka na kuoga maji mamoja, jambo lililokuwa gumu sana kukubalika zama hizo. Anayehesabu ngazi na huku bado anachagua nani wa kula naye ameliacha lililokusudiwa.

Japji yenyewe inaizuia hesabu hiyo tangu ubeti wa kwanza. Inasema kunyamaza sana hakumpi mtu utulivu wa ndani, na werevu ukiwa laki moja hauandamani naye hata mmoja. Kisha inauliza: basi mtu awe mkweli vipi, na ukuta wa uongo ubomoke vipi? Jibu lake ni kutembea ndani ya hukam, yaani amri na mpango wa Mungu. Hakuna idadi iliyotajwa.

Japji ina beti 38, utangulizi mwanzoni na ubeti wa kufungia mwishoni. Ikisomwa kwa sauti ya kawaida huchukua dakika 20 hadi 25. Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba aliyeihifadhi moyoni huachia ulimi ukimbie peke yake huku akili iko kwenye madeni na simu. Dawa yake si kusoma tena ya pili na ya tatu. Amka kabla ya alfajiri, oga, kaa, soma kwa sauti unayoisikia mwenyewe. Ukigundua akili imeondoka, rudi kwenye mstari ilipoondokea, si mwanzo wa sala. Halafu chagua ubeti mmoja ushinde nao kutwa. Asiyesoma Gurmukhi, mwandiko wa Kipunjabi, asome pamoja na tafsiri, na ajifunze zile herufi 35 za msingi kidogo kidogo.

Dhana: Ukiagiza Akhand Path, jambo lako litafanikiwa

Akhand Path ni kusoma Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masikh, kurasa zote 1,430, bila kukatisha, kwa takribani saa 48. Wasomaji hupokezana zamu usiku na mchana. Siku hizi familia inaweza kulipia usomaji huo kwa ajili ya duka jipya, viza au mtihani, ikaja siku ya kufunga tu kupokea baraka na kula. Kitabu kimesomwa, wenyewe walikuwa wamelala.

Mwongozo wa maisha ya Kisikh uitwao Sikh Rehat Maryada, uliopitishwa mwaka 1945, uko wazi hapa. Usomaji ufanywe na wanafamilia, ndugu na marafiki. Asiyejua kusoma aketi asikilize. Isitokee msomaji akabaki peke yake chumbani bila wa kumsikiliza. Mwongozo huohuo unasema kuweka mtungi wa maji, taa ya samli au nazi kando ya kitabu wakati wa usomaji ni kinyume cha mafundisho. Vitu hivyo vimeingia kutoka kwenye matambiko ya jirani, na hukaa kwa sababu vinampa mtu kitu cha kushika: maji yamesomewa, basi yana nguvu. Kumbe maneno yamesomwa ili yasikike.

Kwa familia yenye shughuli, Sahaj Path inafaa zaidi, yaani kusoma kitabu chote taratibu bila tarehe ya mwisho. Kurasa 4 kwa siku zinakimaliza kwa karibu mwaka, na kila ukurasa unapata nafasi ya kuulizwa maana yake mezani.

Dhana: Kuna siku zenye heri

Siku ya kwanza ya mwezi, sangrand, gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Masikh, hujaa. Wengine huja ili jina la mwezi mpya walisikie kwanza ndani ya gurudwara, wakidhani huo ndio ufunguo wa mwezi mzuri. Barah Maha, utenzi wa miezi 12 unaosomwa siku hiyohiyo, unaishia kwa kusema kwamba miezi, siku na saa zote ni njema kwa yule aliyeangaliwa kwa rehema (ukurasa wa 136 wa Guru Granth Sahib, kama kurasa zote zitakazotajwa humu). Kwa hiyo kupiga falaki, kutafuta nyota ya harusi au kuahirisha safari kwa sababu ya siku mbaya hakuna nafasi katika Usikh.

Dhana: Langar ni sadaka kwa maskini, na anayepika anajiwekea thawabu

Wasafiri wa barabara ya Nairobi–Mombasa wanaijua gurudwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 na Masikh waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli. Dereva wa lori, abiria na familia iliyo likizoni hula bila malipo. Wengi huondoka wakisema Makalasinga wana huruma kwa maskini. Huruma ipo, lakini langar, yaani jiko la gurudwara linalolisha wote bure, ilianza kwa sababu nyingine. India ya karne ya 16, mtu wa tabaka la juu hakuweza kukaa na wa chini wakala pamoja; kivuli tu cha huyu kilihesabiwa najisi kwa yule. Guru Amar Das aliweka utaratibu kwamba atakayetaka kumwona aketi kwanza kwenye mstari, ale kile wanachokula wote. Basi langar inafanya kazi yake hasa pale tajiri anapokaa chini bega kwa bega na mfagiaji, wote wakisubiri dengu zilezile. Chakula hakina nyama ili pasiwepo atakayeshindwa kula kwa ajili ya dini yake. Mata Khivi, mke wa Guru Angad, Guru wa pili, anatajwa kwa jina katika Guru Granth Sahib kwa ajili ya jiko lake, ambako watu waligawiwa wali wa maziwa wenye samli (ukurasa wa 967). Chakula chake kilikuwa kizuri na cha kutosha, wala hakikuwa makombo ya kutupiwa mhitaji.

Karah parshad, ile halua igawiwayo baada ya sala, ina fundisho hilohilo hata katika vipimo vyake: unga wa ngano, sukari na samli, vyote sawa kwa sawa. Unga hukaangwa ndani ya samli kwa moto mdogo, ukikorogwa bila kuachwa, mpaka ugeuke rangi ya hudhurungi na kunukia. Kisha humiminwa maji ya moto yaliyoyeyushiwa sukari, mara mbili hadi tatu ya unga. Moto ukizidi unga huungua chini na juu unabaki mbichi. Mgawaji akianza kupima kwa kutazama nyuso, hapo ndipo inapoharibika kweli. Aliyetoa gunia la sukari hupata gao sawa na mtoto wa mgeni.

Kazi ya kujitolea, sewa, ndiyo mahali ambapo umimi hujificha vizuri kuliko kote. Guru Arjan, Guru wa tano, anasema katika utenzi wake Sukhmani kwamba anayetumika bila kutaka malipo ndiye ampataye Bwana. Malipo si fedha tu. Kuna malipo ya kuonekana, ya kuitwa kwenye kipaza sauti, ya jina kuandikwa kwenye marumaru. Dalili zake zinajulikana: watu wanagombea kugawa parshad na hakuna anayegusa masufuria, familia zinashindana vyakula hadi langar inageuka karamu ya harusi, mtu anakasirika na kuhama gurudwara kwa sababu hakushukuriwa. Anayetaka kujizoeza aanzie kwenye viatu vya waumini, vyombo au vyoo. Afike mapema, afunike kichwa, anawe mikono, asionje chakula kabla hakijagawiwa. Mlaji pia ana adabu zake: roti hupokelewa kwa viganja viwili, na huchukuliwa ile itakayomalizika, kwani mgawaji atapita tena.

Kipimo kikubwa zaidi cha sewa kinabaki kwa Msikh aitwaye Bhai Kanhaiya. Katika vita vya Anandpur, mji wa Punjab, mwanzoni mwa karne ya 18, alikuwa akiwanywesha maji majeruhi wa pande zote. Alishtakiwa kwa Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, kwamba anawafufua maadui. Alijibu kwamba hakuona adui wala rafiki, aliona Guru katika kila uso. Masimulizi yanasema Guru alimpa na dawa ya kupaka vidonda.

Dhana: Toa moja ya kumi, utarudishiwa mara dufu

Dasvandh, fungu la kumi, lipo kweli, na linaweza kutolewa kwa fedha au kwa muda. Kanuni iliyo kabla yake ndiyo husahauliwa: fedha imetoka wapi? Guru Nanak anasema haki ya mwenzio ukiila, ni nguruwe kwa Mwislamu na ng'ombe kwa Mhindu (ukurasa wa 141). Na anasema aijuaye njia ni yule anayekula jasho lake na kutoa kitu kwa mkono wake (ukurasa wa 1245). Utaratibu ni huo: jasho kwanza, mkono wa kutoa baadaye. Mwenye karakana anayechelewesha mishahara miezi miwili kisha akajenga ukumbi wa gurudwara ametoa mali ya mafundi wake. Alipe mafundi, alipe wanaomdai, asipunje mizani. Kinachobaki ndicho chenye fungu la kumi. Na akishatoa, asisubiri kurudishiwa, kwa sababu mkopo wenye riba haugeuki sadaka kwa kupelekwa gurudwara.

Dhana: Kara ni hirizi

Ni bangili ya chuma, na haizuii ajali wala husuda. Iko kwenye mkono unaotia sahihi, unaopima na unaopiga, na mwenye mkono huiona. Kuichovya katika dhahabu hakuiongezei nguvu yoyote.

Dhana: Kama moyo ndio muhimu, nywele na kilemba havina haja

Hii ni dhana ya watu wasomi, na inajengwa juu ya maneno ya Guru Nanak mwenyewe. Aliukataa uzi wa tabaka akisema anataka uzi wenye pamba ya huruma, nyuzi za kuridhika, fundo la kujizuia na msokoto wa ukweli (ukurasa wa 471). Basi, wanasema, alama zote zimekwisha.

Lakini uzi ule ulivaliwa kwa kuzaliwa na kumtenga mtu na wenzake. Katika Vaisakhi, sikukuu ya mavuno, ya mwaka 1699 pale Anandpur, Guru Gobind Singh aliwapa amrit, maji matakatifu ya kiapo, watu watano wa kwanza waliotoka tabaka tofauti, akiwemo mchota maji na kinyozi, kisha akapiga magoti akaipokea kwao. Anayechukua amrit leo, mwanamke kwa mwanamume, hupokea maji yenye vipande vya sukari yaliyokorogwa kwa upanga wenye makali mawili ndani ya bakuli la chuma, huku sala tano zikisomwa. Anaahidi kutokata nywele, kutokula nyama ya kuchinjwa kwa ibada, kutozini na kutotumia tumbaku. Alama tano alizonazo (nywele zisizokatwa, kitana, kara, kaptula na upanga mdogo) ni ahadi aliyoichukua akiwa na akili zake, inayoonekana na kila atakayemhitaji au kumdai.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba siku ya amrit ni siku ya kufika. Guru Nanak anasema kila kitu kiko chini ya ukweli, na juu ya ukweli uko mwenendo wa kweli (ukurasa wa 62). Mwenye alama zote tano akimdharau mkewe au akimwita mtu kwa tabaka lake, alama hizo zinamshuhudia vibaya.

Dhana: Msikh wa kweli haombi chochote

Guru Arjan anasema hataki ufalme wala wokovu, anataka mapenzi ya miguu ya Mola tu (ukurasa wa 534). Wengine wakisoma hapo huona aibu kuomba ada ya shule au nafuu ya mgonjwa. Hawana haja ya aibu. Kabir, mshairi ambaye beti zake zimo katika kitabu hichohicho, anamwambia Mungu waziwazi kwamba ibada haiwezekani kwa njaa, kisha anataja mahitaji yake: seri 2 za unga, robo seri ya samli, chumvi, nusu seri ya dengu za kumtosha milo miwili, kitanda cha miguu minne, mto na shuka la kujifunika (ukurasa wa 656). Seri moja haifiki kilo. Anaongeza kwamba hakuwa na tamaa.

Hakuweka nadhiri, hakusema nitakusomea ukinipa. Mtoto anayesema ana njaa hamnunui mama yake. Biashara inaanza pale mtu anapoahidi rumala kumi, vitambaa vya kufunikia Guru Granth Sahib, mtihani ukipita, na makabati ya gurudwara nyingi yamejaa vitambaa vya namna hiyo ambavyo havitatumika. Fedha hiyo ingenunua unga wa langar. Ombi lenyewe lisemwe katika Ardas, sala ya kusimama, ambayo hufungwa kwa kuomba heri ya watu wote. Haja ya kila mtu husomwa kabla ya maneno hayo, awe ametoa shilingi au hakutoa kitu.