Paka anajamba? Maziwa si dawa

"Daktari, tangu nimbadilishie chakula anajamba, sebuleni hapakaliki. Nimempa maziwa kidogo yamtulize tumbo." Huyu akitoka anaingia mwingine na maneno yale yale.

Maziwa hayamtulizi paka. Laktesi, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa, anazaliwa nacho kwa wingi, kisha kinapungua akishaacha kunyonya. Sukari isiposagwa inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, gesi inajaa. Na kwa kuwa inavuta maji, choo nacho kinalegea. Tumbo lilikuwa linahangaika na chakula kipya, wewe ukalitwisha mzigo wa pili. Na kabla hujaniambia yako ni ya mbuzi: nayo yana laktosi, ndiyo hiyo sukari ya maziwa, pungufu kidogo tu. Kuyachemsha hakuiondoi, kuyazimua kwa maji hakuiondoi. "Lakini anayapenda!" Anapenda mafuta yake, na mtoto naye anapenda pipi. Mpe maji safi, bakuli liwe mbali na chakula na mbali zaidi na choo chake.

"Basi chakula kipya ndicho kibaya." Mara nyingi kosa ni haraka yako. Paka aliyezoea wali na dagaa hamwagiwi bakuli zima la chakula kikavu cha dukani kesho yake. Tumia siku 7 hadi 10: anza na robo ya kipya kwa robo tatu za cha zamani, siku mbili tatu, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu za kipya, ndipo umalizie. Tumbo likichafuka njiani, rudi hatua moja, ukae hapo kwanza. Ile harufu ya mayai viza ni salfa: protini isiyosagwa vizuri huku juu inaozeshwa na bakteria huko chini.

"Ni minyoo." Huenda. Ila gesi iliyoanza wiki ile ile ya chakula kipya, kitazame chakula kwanza. Dawa ya minyoo inafuata ratiba na uzito wa paka.

"Kitunguu saumu kinatoa gesi." Kwa paka kinaharibu chembe nyekundu za damu. Kitunguu maji vilevile, hata kikiwa ndani ya mchuzi. Na Panadol usithubutu: kidonge kimoja kinaweza kumuua.

"Nimshindishe njaa tumbo lipumzike." Hapana! Paka, hasa mnene, akikaa siku kadhaa bila kula, mafuta yanajaa kwenye ini, na hapo tunazungumzia ugonjwa mwingine kabisa.

Anayekula na kucheza kama kawaida, gesi yake huisha bila dawa. Akiharisha damu, akitapika mfululizo au akisusa chakula siku nzima, mlete siku hiyo hiyo. Njoo na paketi ya chakula nisome viambato, na choo chake kidogo kwenye kopo safi. Kiwe kibichi, kilichoshinda juani tangu asubuhi hakinisaidii.